Fundi Wifi na mkanda wa gari la mikate

Ni asubuhi, jua halijavuka ukuta wa uani, na Fundi Wifi ameshalala chali kando ya gari dogo jeupe lililoinuliwa upande mmoja. Gurudumu la mbele la kulia limetolewa na kusukumwa chini ya gari. "Jeki ikinisaliti," anasema, "gari liangukie tairi, lisiniangukie mimi." Betri imefunguliwa waya. Pembeni limetandikwa gunia, na juu yake spana zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa nyumba moja wanaosubiri kupigwa picha.

Mlangoni amesimama mwenye gari, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Kinachosikika ni spana ya racheti inayolialia chini ya boneti, na nyuma ya nyumba, trei za mikate zinazosukumwa ndani ya tanuri.

"Wifi," mwenye gari anasema hatimaye, "unahitaji chochote?"

"Nikihitaji nitasema, wifi."

Kwa watu waliokula chungu kimoja miaka tisa, hayo ni maneno machache. Lakini ni mengi kuliko yote waliyoambiana tangu alipofariki mtu aliyewaunganisha: kaka wa huyu aliyelala chini, mume wa yule aliyesimama mlangoni.

Fundi Wifi ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye bwelasuti ya kijani iliyopauka magotini. Hana gereji. Kazi yake ni kwenda nyumba kwa nyumba kubadilisha mkanda wa taimingi, ule mkanda wa mpira wenye meno unaojificha ubavuni mwa injini, ndani ya kava la plastiki. Wenye magari wengi hawaujui mpaka siku utakapokatika.

"Umeshawaona watu wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja?" anauliza bila kutoa kichwa chini ya gari. "Mmoja anainua, mwenzake anashusha. Wakipatana, nafaka inakobolewa huku wanaimba. Mmoja akikosa mpigo, mchi unagonga mchi. Ndani ya injini, pistoni iko chini, valvu ziko juu, na mkanda ndio wimbo wao. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni inapanda inakuta valvu haijaondoka. Hapo hununui mkanda tena. Unanunua injini."

Jina la Fundi Wifi alilipata kwa bahati mbaya. Alianza kazi katika gereji ya kaka yake, na kila mchana wifi yake, huyuhuyu mwenye gari, alileta chakula na kusimama getini akiita, "Wifi! Wifi, njoo upokee sufuria!" Mafundi wakalidaka jina. Wateja nao wakalidaka. Mpaka wazee wenye mvi wakawa wanaingia gerejini wakiuliza, "Wifi yupo?"

"Nikawaambia, mwanamume hana wifi, ana shemeji," anacheka. "Wakasema basi, sisi tumeoa jina."

Kaka alikuwa mtu wa maneno machache na masikio makali. Alimfundisha kusikiliza injini kabla ya kuigusa. Kazi nyingine zote ziligawanywa kwa zamu, lakini mikanda aliiachia mdogo wake. Mikanda inataka mtu asiye na pupa, alisema, nao wanaume wa gereji ile wote walikuwa na pupa, yeye mwenyewe akiwemo.

Kisha kaka akaugua, na ugonjwa haukumpa nafasi. Alizikwa katikati ya wiki. Jumatatu iliyofuata Fundi Wifi alivaa bwelasuti yake na kwenda kazini kama kawaida, akakuta geti lina kufuli jipya. Alichungulia kwenye upenyo wa bati. Ndani palikuwa peupe. Meza ya chuma haipo, jeki kubwa haipo, kabati la spana halipo, pamoja na spana ambazo kaka alimnunulia yeye, moja moja, kila alipojua kazi mpya.

"Jirani akaniambia nisipoteze muda. Vitu vimeuzwa Jumamosi. Vimechukuliwa vyote kwa mkupuo," anasema. "Sikwenda kumuuliza wifi. Nilirudi nyumbani. Nilijiambia mwenye macho haambiwi tazama."

Tangu siku hiyo walikutana kwenye misiba na harusi tu, kila mmoja akiangalia sahani yake.

Kwa muda aliuza nguo za mitumba. Hakuwa na mkono wa biashara. Mteja akilalamika bei, alikuwa anamwonea huruma. Siku moja dereva wa teksi, jirani yake, alikuja kumlilia hali. Gari lake lilikuwa limeegeshwa nyumbani, mkanda umechoka, na gereji walitaka alivute kwa kamba hadi kwao. Fundi Wifi akaazima spana za watu watatu tofauti, akaifanya kazi palepale mbele ya mlango wa dereva, huku mke wa dereva akimmulikia tochi. Ilimchukua siku nzima. Gari likawaka.

"Nikagundua mkanda hauhitaji umeme wala shimo la gereji," anasema. "Unahitaji ardhi tambarare, mwanga, na subira. Hivyo viwili vya kwanza mteja anavyo. Cha tatu ninacho mimi."

Sasa akipata kazi mbili kwa wiki, anaihesabu kuwa wiki njema. Kuna wiki haina hata moja, hasa za mvua, kwa kuwa hakuna anayefumua injini nje huku mbingu zimefunguka. Kuna mbwa wa watu. Kuna mchanga, mdomo usioshiba, unaomeza kila nati inayodondoka. Na kuna wale wanaofungua geti, wakamtazama mtu na begi lake, kisha wakachungulia nyuma yake kuuliza fundi mwenyewe atafika saa ngapi.

"Huwa nawaambia ameshafika, yuko ndani ya hii bwelasuti."

Simu ya wifi yake ilimkuta akiwa anafua. Kwenye kioo ilitokea namba tu, kwa sababu jina alikuwa amelifuta zamani. Lakini sauti aliitambua kabla haijamaliza salamu.

Gari la mikate lilikuwa limeanza kulia. Kila likiwashwa asubuhi lilitoa mlio mwembamba kama wa paka aliyefungiwa kabatini, na maji ya rejeta yalipungua bila kuonekana yanakokwenda. Fundi mmoja alisema aliache kwake wiki nzima. Mwingine alisema liendeshwe tu, bado linadunda. Mwenye gari, ambaye mtaani anaitwa Mama Mikate, hakumwamini hata mmoja.

"Marehemu aliniachia neno," anasema Mama Mikate. "Alisema, mkanda wa gari hili, nisipokuwepo mimi, afunge mdogo wangu. Asiguse mtu mwingine. Nilikaa na simu mkononi siku tatu. Nikapiga."

Fundi Wifi alimwambia anunue vitu vitatu: mkanda, tenshena inayoukaza, na pampu ya maji. Alipoulizwa pampu ya nini, alijibu kwamba huwezi kufumua paa zima kubadilisha bati, halafu ukaiacha boriti iliyoliwa na mchwa. Hawakuongea zaidi ya hapo.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Mikanda ya nje imeshatoka. Imebaki puli kubwa ya chini, duara la chuma linaloizungusha mikanda hiyo, iliyoshikiliwa na bolti moja iliyokaa miaka bila kuguswa. Fundi Wifi anavuta spana. Injini nzima inazunguka pamoja nayo. Anachomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana kuongeza nguvu. Injini inazunguka tena. Anafuta jasho. Kazi hii inataka watu wawili, na uani yuko mtu mmoja tu asiye na trei mkononi.

"Wifi," anaita. "Sasa nahitaji."

Mama Mikate ananawa unga, anaingia kwenye gari, anakaa nyuma ya usukani.

"Weka gia ya tano. Kanyaga breki. Kanyaga kama unaua nyoka, na usiachie mpaka niseme."

"Nimekanyaga."

"Hujakanyaga. Inazunguka."

"Nimekanyaga, wifi! Unataka nitoboe chini?"

"Toboa!"

Kinasikika kishindo kama mbao kavu ikivunjika. Mama Mikate anapiga kelele akidhani kitu kimekatika. Fundi Wifi ameketi chini na spana mkononi, uso umemchangamka. "Imeachia," anasema. Wanawake wawili wanaooka nyuma ya nyumba wamekuja kuchungulia ni nani amekufa.

Baada ya hapo kazi inakwenda kwa mwendo wake. Anaweka jeki chini ya injini, juu yake kipande cha mbao, anafungua mguu wa injini, kile kishikizo kinachoifunga kwenye bodi, upande huo na kutoa kava. Kabla hajagusa mkanda anazungusha injini kwa spana mpaka alama za gia mbili zinazobeba mkanda, ya chini na ya juu, zikae mahali pake, anazitia nukta za rangi nyeupe, moja chini, moja juu. Kisha analegeza tenshena, na mkanda wa zamani unatoka mkononi mwake kama ngozi ya nyoka aliyejivua.

Anaukunja mkanda huo kwenye mwanga. Una nyufa kila mahali. Jino moja limebaki nusu.

"Huu ulikuwa unaaga," anamwambia wifi yake.

Mama Mikate anapitisha kidole kwenye lile jino nusu. Jana yake tu alikuwa ameendesha gari hilo kwenye barabara kuu, mikate imejaa mpaka dirishani.

Pampu ya maji nayo ina mchirizi wa kutu, ndipo maji yalipokuwa yakivujia. Inabadilishwa. Tenshena inabadilishwa. Mkanda mpya unavishwa, jino kwa jino, kuanzia chini kwenda juu. Yote hayo yanakwenda vizuri mpaka alasiri, na hapo ndipo simu inapolia.

Ni mhasibu wa shule ya bweni, mteja mkubwa wa Mama Mikate. Leo ni siku ya shule hiyo kupokea mikate, na wanafunzi wanakula jioni. Anauliza iko wapi. Mama Mikate anamwambia iko njiani, akimaanisha iko kwenye trei, na trei ziko nyuma ya nyumba, na gari liko juu ya jeki.

"Umebakisha nini?" anamuuliza fundi.

"Kuzungusha kwa mkono."

Huo ndio mtihani wa mwisho. Plagi zimetolewa ili injini isishindane na mkono. Fundi Wifi anaizungusha kwa spana polepole, mizunguko miwili kamili, akisikiliza. Ikigoma popote, hiyo ni valvu imekutana na pistoni. Haigomi. Anafika mwisho, anainama kutazama nukta zake. Ya chini imekaa sawasawa. Ya juu imepita kwa jino moja.

Anaipangusa kwa kitambaa, anatazama tena. Jino moja. Alipokuwa anakaza tenshena, mkanda ulivuta gia ya juu kidogo, naye hakuona.

"Tunarudia," anasema.

"Tunarudia nini?"

"Mkanda. Umekaa pembeni jino moja."

"Jino moja tu?" Mama Mikate anaangalia jua. "Limezunguka si limezunguka? Mimi nimeona. Nipeleke mikate, nirudi, ulirekebishe usiku."

"Halitoki hapa."

"Basi tuliwashe tusikie."

"Haliwashwi."

Mama Mikate anachungulia kwenye usukani. Ufunguo haupo. Uko mfukoni mwa bwelasuti ya kijani, ambako huwa katika kila kazi, mpaka kazi iishe. Hilo ni sharti la Fundi Wifi tangu mteja mmoja alipotaka kujaribu gari huku mkono wa fundi bado umo ndani ya injini.

"Wifi, nipe ufunguo wa gari langu."

"Nikimaliza."

"Gari ni langu. Nipe ufunguo."

Fundi Wifi anasimama. Baadaye ataeleza kwamba hakupanga kusema alichosema; kilitoka chenyewe. "Na mimi nilitaka ufunguo wa gereji," anasema. "Nani alinipa?"

Trei zinanyamaza nyuma ya nyumba.

"Haya, limekuja," anasema Mama Mikate. "Nilijua litakuja. Nilidhani lingekuja asubuhi."

"Ulibadilisha kufuli, wifi. Nilisimama pale nje kama mwizi."

"Nilibadilisha, ndiyo. Niliuza kila kitu, ndiyo. Unajua kwa nini ilikuwa Jumamosi? Kwa sababu Jumapili baba yako mdogo alikuwa anakuja na lori."

Fundi Wifi anabaki na spana mkononi.

"Alinifuata jikoni, arobaini ya kaka yako haijafika, maji ya matanga hayajakauka," anaendelea Mama Mikate. "Akaniambia mali ya ukoo inarudi kwenye ukoo. Lori limeshapatikana. Na akifika nimkabidhi funguo kwa heshima. Wanangu walikuwa wamekaa mlangoni, wanasikia. Ulitaka nifanye nini? Nikamtafuta mnunuzi usiku uleule. Zile spana ndizo hili tanuri unalolisikia hapo nyuma. Watoto wa kaka yako wanasoma kwa hizo spana."

"Ungeniambia."

"Yeye ni damu yako, wifi. Mimi ningejuaje uko upande gani?"

Mmoja wa waokaji anakohoa, kisha inasikika trei ikivutwa taratibu. Fundi Wifi anaangalia chini, kwenye gunia lake la spana. Anasema baadaye kwamba kitu kilichomuuma zaidi ni kuwa baba mdogo alikuwa ameketi karibu naye msibani wiki nzima, akimshika bega, akimwita binti yangu.

"Ningekuwa upande wako," anasema hatimaye. "Ila kweli, usingejua."

Kisha anainama kwenye injini, kwa sababu kazi haijaisha.

Kulegeza tenshena ni rahisi. Tatizo ni gia ya juu, ambayo ina springi za valvu chini yake na inapenda kuruka nyuma ukiiachia. Inataka mtu aishikilie kwa spana wakati mwingine anasogeza mkanda. Mama Mikate haulizi. Anajifunga kanga upya kiunoni, anashika mpini.

"Ishikilie hapohapo. Isiende mbele, isirudi nyuma."

"Inanivuta."

"Itakuvuta. Wewe mgomee."

Mkanda unasogea jino moja. Tenshena inakazwa, taratibu safari hii, jicho likiwa kwenye nukta ya juu. Mizunguko miwili kwa mkono. Fundi Wifi anatazama, halafu anamvuta wifi yake karibu ili naye atazame. Nukta ya chini, mahali pake. Nukta ya juu, mahali pake.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa?"

"Hivyo ndivyo."

Mama Mikate anampigia mhasibu na kumwambia ukweli kuwa gari lilikuwa limefumuliwa na mikate itachelewa. Mhasibu anafoka, sauti yake inasikika mpaka kwenye ukuta. Anasema ikifika kengele ya chakula imeshalia, asihangaike kushusha. Wanawake wawili wa tanuri wanaanza kupanga mikate kwenye makreti huku fundi akirudisha kava, mguu wa injini, puli, plagi, waya za betri, gurudumu. Safari hii Mama Mikate anakanyaga breki bila kuambiwa mara mbili.

Ufunguo unatoka mfukoni. Gari linawaka mara ya kwanza. Ule mlio wa paka haupo. Kuna mngurumo tu, wa chini na laini. Fundi Wifi ameinamisha kichwa juu ya injini, macho kayafumba, anasikiliza kwa muda ambao Mama Mikate, mwenye haraka, anauona ni mrefu kuliko siku nzima.

"Nenda," anasema. "Usilikimbize."

Mikate ilifika kengele imeshalia, wanafunzi wameketi, vikombe vya chai mbele yao. Mhasibu alinuna. Lakini wanafunzi waliona makreti kabla yake, wakaanza kupiga makofi, na ni vigumu kurudisha mkate uliokwisha kupigiwa makofi.

Mwandishi wa makala haya alirudi kwenye nyumba ile wiki kadhaa baadaye. Gari jeupe lilikuwa barabarani. Kwenye upande wa pili wa ua, mbali na tanuri, Fundi Wifi alikuwa ameshika jembe, anasawazisha ardhi. Nguzo nne zilikuwa zimeshasimama.

Wazo ni la Mama Mikate. Wenye maduka anaowapelekea mikate wana vigari vyao vya kubebea mizigo, na kila anakoshusha kreti anawauliza mkanda wao ulibadilishwa lini. Wengi hawajui. Watatu wameshaleta magari. Kwa hiyo amempa wifi yake kona ya ua ajenge kibanda, kwa masharti mawili: oili isikaribie unga, na kodi ilipwe kwa kulitunza gari la mikate.

Fundi Wifi anataka bati liwe juu kabla mvua hazijaanza, na sakafu ya saruji baada ya hapo, nati zisipotee tena mchangani. Ataendelea kwenda majumbani kwa wasioweza kuja. Lakini anataka, anasema, walau mahali pamoja ambapo mvua ikinyesha aendelee kufanya kazi akiisikia tu juu ya bati.

Kuna safari moja pia. Jumapili ijayo yeye na Mama Mikate wanakwenda kumsalimia baba mdogo. Hawaendi kudai kitu, anasisitiza. Wanataka tu awaone wameingia kwake pamoja, kwenye gari moja.

Alipoulizwa kama haogopi kufanya kazi kwenye ua wa wifi yake, maana mawifi na ugomvi ni kama kidole na pete, aliegemea mpini wa jembe akacheka mpaka akashika mbavu.

"Tutagombana, kwa nini tusigombane?" anasema. "Ila tumekubaliana kitu kimoja. Mwenye neno alitoe lote siku hiyohiyo, tena kwa sauti. Halafu tushike kazi."

Nyuma ya ukuta gari linapiga honi. Anaweka jembe chini, anakwenda kufungua geti.